Seva Isiyokumbuka

Mhandisi aliyekalia Sun-3/50 katikati ya miaka ya 1980 alikuwa na mashine ya kutamanisha: kioo kikubwa, kumbukumbu ya megabaiti 4, na picha safi kuliko kompyuta nyingi za wakati huo. Diski hakuwa nayo. Nyuma ya mashine ulichomoka waya wa Etheneti uliokwenda hadi chumba kingine, ambako seva ilihifadhi mafaili ya ofisi nzima. Kusoma faili kupitia waya huo kulivumilika. Kuandika ndiko kulikochosha watu.

Tupige hesabu. Faili la megabaiti 1 lilikatwa vipande vya kilobaiti 8, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha juu kilichoruhusiwa na toleo la 2 la NFS, mfumo wa mafaili wa mtandao ambao Sun Microsystems ya California iliuingiza sokoni mwaka 1985. Vipande 128. Kwa kila kipande seva ilipaswa kuandika data yenyewe diskini, kisha kusahihisha rekodi ya faili (ukubwa mpya, saa liliyoguswa), na faili likishakua, kuandika pia jedwali linaloonyesha vipande vimelala wapi. Kichwa cha diski kilihama mara mbili au tatu kwa kila kilobaiti 8, na diski za siku hizo zilitumia takriban milisekunde 20 hadi 30 kwa kila mhamo. Ukizidisha unapata sekunde sita, saba, hata tisa. Waya wenyewe, wa megabiti 10 kwa sekunde, ungeweza kulifikisha faili lote kwa sekunde moja hivi. Watumiaji walilaumu mtandao, kama wanavyoulaumu hadi leo, lakini mtandao ulikuwa umekaa bure ukisubiri.

Uliisubiri diski kwa sababu ya sharti moja: seva isijibu "tayari" kabla kipande hakijatua mahali ambapo umeme ukikatika hakipotei. Sharti hilo lilitokana na uamuzi mkubwa zaidi, ambao Russel Sandberg na wenzake wanne wa Sun waliueleza katika makala yao ya 1985. Waliamua kwamba seva isikumbuke chochote kuhusu wateja wake. Haijui nani amefungua faili gani. Hata tendo la kufungua faili halimo katika itifaki yao. Mteja hutuma ombi linalojitosheleza: katika faili hili, kuanzia baiti ya 40,960, andika hizi 8,192. Seva inatekeleza, inajibu, inasahau.

Uzuri wa mpango huo huonekana seva inapozimika. Mteja asiyejibiwa hurudia ombi lilelile, kisha hurudia tena, na kwenye kioo hujitokeza ujumbe ambao kila aliyefanya kazi na Unix anaujua: seva haijibu, bado najaribu. Seva ikiwaka baada ya dakika kumi, hakuna cha kufufua wala cha kusuluhisha. Ombi linapokelewa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na kazi inaendelea pale ilipokatika. Kwa kizazi kilichozoea mifumo iliyoanguka pamoja na kila kitu kilichoitegemea, huo ulikuwa ustaarabu mpya. Lakini mpango huo unasimama tu kama neno "tayari" ni la kweli. Mteja akishaambiwa tayari, anakitupa kipande chake. Seva ikiwa imekiweka kwenye kumbukumbu ya umeme tu, ikazimika, hakuna popote duniani kipande hicho kilipo, na hakuna anayejua kwamba kimepotea.

Kusahau kulikuwa na gharama ya pili, nayo ilichukua muda kuonekana. Ukiandika kipande kilekile mara mbili mahali palepale, hakuna kinachoharibika. Kufuta ni tofauti. Mteja anaomba faili lifutwe, seva inalifuta, jibu linapotea njiani. Mteja anarudia, na sasa anaambiwa faili halipo. Kazi imefanikiwa na programu imeambiwa imeshindwa. Chet Juszczak wa kampuni ya Digital alilishughulikia jambo hili mwaka 1989 kwa kuipa seva orodha fupi ya maombi iliyoyajibu karibuni, ili ombi la marudio lipewe jibu lilelile la awali. Kwa maneno mengine, seva isiyokumbuka ilianza kukumbuka kidogo. Haikuwa mara ya mwisho.

Basi fikiria kufuli. Programu mbili zinataka kuongeza mstari katika faili moja la barua, na ni lazima moja ingoje nyingine. Kufuli, ukilichambua, ni kumbukumbu: fulani ameshika baiti hizi hadi aziachie. Seva iliyoapa kutomkumbuka yeyote haiwezi kutoa kufuli. Sun hawakutaka kuvunja kiapo, kwa hiyo waliliweka suala zima kando, katika huduma mbili zisizo sehemu ya NFS yenyewe. Moja, lockd, hugawa makufuli. Ya pili, statd, huandika diskini orodha ya mashine zinazohusika, na mashine ikizimika na kuwaka tena, huwatangazia wenzake: nilikufa, nimerudi. Seva ikirudi, hutoa kipindi cha neema ambamo walioshika makufuli zamani huyadai upya kabla wageni hawajaruhusiwa. Mteja akirudi, seva huyaachia makufuli yake yote, maana programu zilizoyashika zilikufa naye.

Kwenye karatasi inapendeza. Katika chumba cha mashine, tangazo la kurudi hutegemea majina ya kompyuta kulingana pande zote mbili, hutegemea ukuta wa moto kutozuia milango ya mtandao inayogawiwa ovyo, na hutegemea dhana moja ya hatari: kwamba kila aliyekufa atafufuka. Kompyuta iliyoungua kibao chake kikuu na kupelekwa stoo haitangazi chochote. Kufuli lake linabaki kwenye seva, na faili linabaki limefungwa mpaka msimamizi aje kulivunja kwa mkono. Nadhani hapa ndipo makufuli ya mtandao yalipopata jina baya ambalo hayajalifuta hadi leo. Wasimamizi wa kizazi kile walifundishana kuyakwepa kama walivyofundishana kutochomeka waya kwa mikono yenye maji.

Ukwepaji wao ulizaa ubunifu ambao naupenda kuliko itifaki yenyewe. Njia ya kawaida ya kujitengenezea kufuli kwenye Unix ni kuunda faili dogo la alama kwa sharti kwamba lisiwepo tayari: ukifaulu kuliunda, zamu ni yako. Toleo la 2 la NFS halikuweza kulihakikisha sharti hilo, kwa kuwa mteja aliuliza kwanza kama faili lipo, kisha akaliunda, na katikati ya swali na tendo mwingine aliweza kupenya. Dawa, ambayo imo mpaka leo katika mwongozo wa Linux wa amri ya kufungua faili, ni hii. Unda faili lenye jina ambalo hakuna mwingine anaweza kulitumia, kwa mfano jina la mashine pamoja na namba ya programu. Halafu omba faili hilo lipewe jina la pili, lile la kufuli. Jibu utakalopewa usilitegemee peke yake, kwa maana huenda ombi lilifaulu na jibu la ushindi likapotea. Hesabu faili lako lina majina mangapi. Yakiwa mawili, umeshinda, hata kama seva ilikuambia umeshindwa. Aliyegundua ujanja huu aliielewa NFS kuliko wengi walioiuza: tabia ya kurudia maombi aliichukulia kuwa ya kudumu, akajenga juu yake.

Daniel J. Bernstein, aliyeandika programu ya barua ya qmail katikati ya miaka ya 1990, alikwenda mbali zaidi na kuliondoa kufuli kabisa. Katika mpangilio wake wa Maildir kila barua ni faili lake lenyewe, jina lake likiundwa na saa, namba ya programu na jina la mashine. Huandikwa kwanza katika folda ya muda, na ikishakamilika na kufika diskini huhamishiwa folda ya barua mpya. Hakuna wawili wanaogusa faili moja, kwa hiyo hakuna wa kumngoja mwenzake. Watoa huduma za barua pepe waliokuwa na maelfu ya wateja juu ya seva za NFS walilipokea wazo hilo kwa shukrani.

Upande wa kasi, wahandisi walishambulia diski kwa njia mbili za halali na moja ya haramu. Ya kwanza ilikuwa pesa. Bob Lyon na Sandberg walikuwa miongoni mwa watu wa Sun walioanzisha kampuni ya Legato, na bidhaa yao, Prestoserve, ilikuwa kadi ya megabaiti 1 ya kumbukumbu yenye betri. Maandishi yakifika kwenye kadi, seva inaweza kusema tayari bila dhambi, kwani umeme ukikatika betri inayalinda, na diski inahudumiwa baadaye kwa mafungu. Kuna utani wa kimya katika jambo hilo: watu walewale walioiandika NFS wakauza dawa ya sharti lake. NetApp, iliyoanzishwa 1992, ilijenga biashara nzima juu ya wazo la jamii hiyo. Seva zake huandika maombi kwenye kumbukumbu yenye betri, na kila baada ya sekunde chache huyamwaga diskini kwa pamoja. Ya pili ilikuwa subira. Juszczak tena, mwaka 1994, alionyesha kwamba seva ikipokea ombi la kuandika ingoje kidogo kabla ya kwenda diskini, kwa kuwa maombi mengine ya faili hilohilo yako njiani, na rekodi ya faili inaweza kusahihishwa mara moja kwa ajili ya yote. Kuchelewa kujibu kukaleta kasi.

Ya haramu ilikuwa kusema uongo. Seva inasema tayari huku data ingali kwenye kumbukumbu ya kawaida. Linux ililipa chaguo hilo jina la heshima, async, na seva zake zililitumia bila kuombwa hadi toleo la 1.0.0 la nfs-utils, furushi la programu zake za NFS. Matoleo yaliyofuata yalirudi kwenye ukweli. Wengi waliosasisha mashine zao wakati huo waliona uandishi umekuwa mzito ghafla na wakadhani kuna hitilafu. Bado wapo wanaolirudisha async kwa mkono na kufurahia namba zinazopanda.

Toleo la 3, lililochapishwa rasmi Juni 1995, lilipata suluhisho ambalo naliona kuwa sehemu safi kuliko zote katika ukoo huu. Mteja sasa anaweza kutuma vipande vingi akisema: pokea tu, usikimbilie diski. Seva inajibu "nimepokea", ambalo ni neno dogo kuliko "tayari", na mteja anajua kuwa asivitupe vipande vyake. Mwishoni anatuma ombi moja: sasa hakikisha vyote viko diskini. Je, seva ikizimika na kuwaka katikati ya mambo hayo? Kila jibu lake hubeba baiti 8 ambazo ni lazima zibadilike kila inapowaka upya. Seva nyingi hutumia saa ya kuwaka kwake. Mteja akiona baiti za mwisho hazilingani na za mwanzo, anajua kulikuwa na kifo katikati, na anatuma tena vipande vyote alivyovishika. Seva haikulazimika kumkumbuka yeyote. Mzigo wa kukumbuka ulihamia kwa mteja, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyekuwa na sababu ya kuijali data yake.

Mpaka hapo kufuli na kasi ya kuandika vilikuwa vikishughulikiwa na watu tofauti, katika makala tofauti, kama maradhi mawili ya viungo viwili. Waliotambua kwamba ni swali moja walikuwa kwingine. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi la John Ousterhout lilipima mwaka 1985 mafaili hufanywa nini hasa siku nzima, na likakuta kwamba data nyingi mpya hufutwa au kuandikwa juu yake ndani ya dakika chache tu. Mafaili ya muda, matokeo ya kati ya mkusanyaji wa programu, rasimu zinazohifadhiwa kila mara. Ikiwa data inakaribia kufa, kwa nini uisafirishe? Mfumo wao wa Sprite ulimwacha mteja akae na maandishi yake kwa sekunde 30 kabla ya kuyatuma, na mengi yalikufa hapohapo bila kugusa waya. Ila seva ya Sprite ilikumbuka nani amefungua faili gani. Mashine mbili zikilifungua faili moja na mojawapo ikiandika, seva ilizipokonya zote ruhusa ya kukaa na data, na kila kitu kikapita kwake.

Microsoft walifika palepale kwa njia ya kibiashara zaidi. Katika itifaki yao ya kushirikiana mafaili, mteja anayefungua faili peke yake hupewa kile wanachokiita oploki: endelea, soma na uandike kwenye kumbukumbu yako, tutakuarifu mwingine akija. Akija mwingine, seva humwambia wa kwanza arudishe alichoshika, na wa pili anangoja. Mtu anayelifungua jedwali la mishahara ofisini na kuambiwa linatumiwa na mwenzake amekutana na ndugu mkali wa mpango huo, yaani ukatazaji wa kushirikiana faili. Oploki yenyewe haionekani. Kazi yake ni kuharakisha.

Kutoka upande huu mambo yanageuka. Kwa mtazamo wa zamani kufuli ni breki: linawafanya watu wangoje. Lakini mteja mwenye uhakika kwamba hakuna mwingine anayeligusa faili anaweza kuandika mara elfu kwenye kumbukumbu yake na kutuma mara moja. Asiye na uhakika huo analazimika kuuliza na kutuma kila mara. Uvivu wenye faida unahitaji kibali, na kufuli ndilo kibali. Sun walipoliweka kufuli nje ya itifaki, walijinyima pia nafasi ya kuandika kwa kasi bila hatari, na nadhani miaka kumi ya kadi za betri ilikuwa malipo ya uamuzi huo.

Kilichobaki ni yule mteja aliyekufa akiwa na kibali. Cary Gray na David Cheriton wa Stanford walimjibu mwaka 1989: kibali kiwe na muda. Kama mpangaji ambaye kodi yake ikiisha bila yeye kuonekana mwenye nyumba yuko huru kumpangisha mwingine, mteja huhuisha kibali chake kila baada ya muda mfupi, na akinyamaza kinaisha chenyewe. Rick Macklem wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alilijaribu wazo hilo juu ya NFS kwa ajili ya 4.4BSD, toleo la Unix la Berkeley, na toleo la 4 la NFS, lililoandikwa mwaka 2000 na kusahihishwa 2003, likalichukua. Sasa kufungua faili ni tendo la itifaki. Makufuli yamo ndani. Seva inakumbuka, na inaweza hata kumkabidhi mteja faili zima alisimamie mwenyewe hadi itakapolidai. Kiapo cha 1985 kilivunjwa rasmi. Utekelezaji ulikwenda polepole: seva ya Linux kwa miaka mingi ilikabidhi mafaili ya kusomwa tu, na ya kuandikwa ilianza kuyakabidhi katika toleo la 6.6 la keneli, yaani kiini cha Linux, Oktoba 2023.

Mitego ya zamani haijaondoka yote. Kuongeza mistari mwishoni mwa faili la kumbukumbu za matukio kutoka mashine mbili bado ni hatari, kwa kuwa NFS haina tendo la kuongeza mwishoni. Mteja huuliza faili lina urefu gani kisha huandika hapo, na wawili wakiuliza kwa wakati mmoja, mmoja anamfuta mwenzake. Kufuli la flock kwenye Linux ya kabla ya 2.6.12, ya mwaka 2005, lilifungwa ndani ya mashine yako tu, na jirani hakulijua. Watengenezaji wa SQLite, programu ya hifadhidata, wanawaonya watumiaji wao wasiweke hifadhidata kwenye diski ya mtandao, na modi yake ya WAL haifanyi kazi huko hata kidogo, kwani inahitaji kumbukumbu ambayo programu zote zinaigusa ndani ya mashine moja.

Kisha kuna suala la muda wenyewe. Seva ya Linux hutoa kibali cha sekunde 90. Waya ukichomolewa kwa dakika tano, seva inaweza kumpa mwingine kufuli, naye akaandika, akamaliza, akaondoka. Waya ukirudishwa, programu ya kwanza ingali inaamini kuwa imeshika faili. Zamani mteja wa Linux alilidai kufuli upya kimyakimya na kuendelea, kana kwamba hakuna aliyepita katikati. Tangu keneli ya 3.12 hafanyi hivyo isipokuwa msimamizi amemwamuru. Kufuli linahesabiwa limepotea, na programu inayojaribu kuandika inapewa kosa la kusoma na kuandika. Waandishi wengi wa programu hawajawahi kuliona kosa hilo likitokea, na msimbo wanaouandika kulishughulikia, pale ulipo, haujaendeshwa hata mara moja.